Mteja Ambaye Hakuridhika

Mimi mdomo wangu hauna breki, na kila anayenijua anajua. Miaka thelathini na moja nilikuwa mtunza ghala, na katika ghala langu hakuna aliyetoka na hata boksi la misumari bila kuhojiwa mpaka ajute kuzaliwa. Nilipostaafu, watu wa kuwahoji waliniishia. Akabaki mke wangu, ambaye hanisikilizi, na yule fundi aliyetuezekea nyumba.

Nasema fundi kwa makusudi. Yeye ni mkandarasi, ana kampuni ndogo, ana leseni, ana pikapu iliyoandikwa ubavuni. Lakini tangu paa langu livuje nilimshusha cheo. Kwa kinyozi, kwenye foleni ya kliniki, hata msibani, akitajwa tu nilikuwa nadakia: "Yule fundi? Paa langu lilivuja kabla halijatimiza mwaka." Nililisema hilo kwa miaka mitatu, tena bila kutia chumvi. Paa lilivuja kweli, na mwaka haukuwa umetimia.

Jumamosi moja, saa nne asubuhi, mtu akapiga hodi. Nilifungua mlango nikamkuta mwanamke wa kama miaka arobaini, daftari kalikumbatia kifuani, kalamu mbili kazichomeka kwenye nywele, moja nyekundu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kama ni mchango, tumeshatoa."

"Si mchango. Nimekuja kuulizia paa."

Alikuwa mwalimu wa chekechea. Ningelijua hilo hata asingesema, kwa vile alivyovua viatu akavipanga, akavipanga na vyangu, kisha akangoja niketi ndipo naye akaketi. Alinieleza shida yake taratibu, akinitazama usoni kuhakikisha nimeelewa kila hatua kabla ya kwenda ya pili.

"Nyumba ni ya wazazi wangu. Baba ameshatangulia, mama yupo chumba cha nyuma, kwenye kiti cha magurudumu. Mabati ni ya tangu sijazaliwa, yameoza. Mlango wa bafu ni mwembamba, inabidi nimbebe mgongoni. Nataka paa lote lishuke, liwekwe jipya, bafu lipanuliwe, na milango. Mvua zimebakiza wiki tatu. Nikikosea mtu hapa, mama atalala chini ya turubai."

"Pole sana, mwanangu."

"Nimeshapoa. Sasa, kuna mkandarasi mmoja. Leseni yake niliipeleka ofisi ya usajili, wakailinganisha na daftari lao, iko hai. Bima nimewapigia simu wenyewe, ipo, na inawahusu mpaka vibarua wake wakianguka. Wateja wake wawili nimewatembelea. Wa tatu ni wewe."

Damu ilinipanda kichwani. "Mimi? Ameniandika mimi niwe shahidi wake? Huyo fundi ana uso wa chuma!"

"Baba, ngoja kidogo," alisema, kwa sauti ambayo bila shaka huwatuliza watoto wanaogombea mdoli. "Mimi sijui kitu kuhusu mapaa. Wewe uliishi chini ya kazi yake. Ukiniambia hafai, simchukui, naenda kwa mwingine leo hii. Ndiyo maana nimekuja kwa miguu yangu, sikutaka kupiga simu."

Ningekuwa mwongo nikisema sikufurahi. Tangu nistaafu hakuna mtu aliyekuja kwangu na daftari kuniuliza nipitishe au nikatae. Nilijiweka sawa kwenye kiti, nikamwita mke wangu alete chai.

Mke wangu, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Pacha ingawa pacha wenyewe sasa wana watoto wao, alileta chai. Kwa kawaida wageni wangu huwaachia sinia akarudi kwenye mambo yake. Siku hiyo aliketi. Alivuta kigoda karibu na mlango wa korido, akakunja mikono, akanitazama.

Hapo sina budi kueleza kilichokuwa ndani ya yale macho yake.

Paa lilipokamilika, tulikaa miezi minane raha mustarehe. Kisha mimi nikataka dishi la televisheni, nione mpira. Mama Pacha alisema hatuhitaji dishi. Nikaleta mtu wa dishi. Alipanda juu, akagonga, akatoboa, akashuka, tukaona mpira. Mvua ya kwanza ilipokuja maji yakamwagika koridoni, karibu na bafu, na mimi sikujiuliza mara mbili. Nilimpigia mkandarasi nikamwambia maneno ambayo siyarudii.

Alikuja siku ile ile. Sikumfungulia geti. Akaja tena kesho yake, nikamtukana barabarani majirani wakisikia, nikamwambia akatafute kazi ya kuchunga kuku. Mara ya tatu alikuja mvua ikinyesha, ngazi begani, amelowa chapachapa. Alisema, "Mzee, nataka kutazama tu. Dakika kumi." Nikamwambia ngazi yake aipeleke kwa wajinga wenzake. Akaiondoa ngazi yake akaenda zake.

Baada ya miezi sita nilimwita fundi mwingine. Alikaa juu muda mfupi sana. "Mzee, paa hili halina neno," alisema. "Aliyelitoboa ni mtu wa dishi. Bolti yake imepita katikati ya bati." Akaziba, akashuka, mambo yakaisha. Aliyekuwa ameshika ngazi ni Mama Pacha. Usiku ule alisema neno moja tu: "Mpigie." Nikasema nitampigia.

Sikumpigia. Wiki ya kwanza niliona haya, wiki ya pili nikajiambia ameshasahau, na baada ya mwezi nilikuwa nimerudi kwa kinyozi nikisema yale yale. Mtu akishazoea kuonekana ameonewa, kuacha ni kazi. Hivyo ndivyo nilivyokuwa, na sijipambi.

Mwalimu alifungua daftari. Aliandika kwa herufi kubwa za duara, kila moja ikikaa vizuri juu ya mstari.

"Swali la kwanza. Alimaliza kwa wakati aliosema?"

"Alimaliza."

"Aliacha mahali pasafi?"

"Alifagia. Hata misumari aliiokota na sumaku."

"Paa limewahi kuvuja?"

Kigoda cha Mama Pacha kililia kidogo.

"Lilivuja," nilisema.

Akaandika: *Lilivuja.* Kwa kalamu nyekundu. Nililitazama lile neno likikauka, maana nimelisema mara mia lakini sijawahi kuona mtu akiliandika.

"Ulipomwita, alirudi?"

"Alirudi."

"Mara ngapi?"

"Tatu."

"Akarekebisha?"

Nilikunywa chai. Ilikuwa ya moto, ikaniunguza ulimi, nikajikaza. "Hakurekebisha."

"Kwa nini?"

"Hakupanda."

"Alikataa kupanda?"

"Hakuruhusiwa," alisema Mama Pacha kutoka mlangoni.

Mwalimu alimtazama yeye, akanitazama mimi, na wala hakushangaa. Nadhani kila siku kazini hukutana na watoto wawili waliosimama kando ya rangi iliyomwagika.

"Baba," alisema, "naona nikueleze kitu. Yeye hakukuandika kama shahidi wa kumsifu. Mimi nilizungukia wakandarasi wanne. Kila mmoja nilimwomba wateja watatu, lakini nikasema mmoja wao awe ni mteja ambaye hakuridhika. Watoto wangu darasani wakiniambia hakuna aliyemwaga rangi, najua wamemwaga wote. Watatu walicheka, wakaniapia hawajawahi kuwa na mteja wa hivyo. Huyu wa nne aliinamisha kichwa, akaomba kalamu. Akakuandika wewe. Na chini yake akaandika maelezo."

Alichomoa karatasi katikati ya daftari akanipa. Nilitafuta miwani ingawa ilikuwa usoni. Mwandiko ulikuwa wa mtu asiyeandika mara kwa mara, umelalia upande mmoja.

*Nyumba ya mzee mstaafu. Kuezeka upya. Ilivuja koridoni karibu na bafu mvua ya kwanza baada ya miezi minane. Kosa ni langu lakini sikulijua ni lipi kwa sababu sikuweza kupanda. Nadhani ni maungio ya hapo juu ya bafu. Tangu nyumba hiyo maungio yote nayafunga mara mbili, na kabla ya kukabidhi nyumba namwagia maji paa lote kwa mpira kutwa nzima, na mimi nakaa ndani natazama. Mzee alikuwa na haki ya kukasirika.*

Niliisoma mara mbili. Mstari wa mwisho niliusoma mara tatu, nikitumaini kuwa kuna kejeli ndani yake, angalau nipate mahali pa kushika. Hapakuwa na kejeli. Yule mtu alikuwa ameamini. Alinitazama nikibwata pale getini, akaenda nyumbani akajilaumu, na kwa miaka mitatu amekuwa akikaa kutwa nzima ndani ya nyumba za watu, ametolea macho dari, anatafuta kosa ambalo hakulifanya.

"Mwanangu," nilisema, nikamrudishia karatasi. "Futa hilo neno."

"Lipi?"

"Hilo jekundu."

"Lilivuja au halikuvuja?"

"Lilivuja kwa sababu yangu. Nilileta mtu wa dishi, akatoboa bati. Paa la yule bwana lilikuwa zima, na mpaka leo ni zima. Nilijua miezi sita baadaye, nikanyamaza."

Nilidhani dunia ingesimama. Nje kuna mtu alikuwa anaendelea kufua nguo. Mwalimu alilikata lile neno kwa mstari mmoja ulionyooka, kisha akaandika sentensi nzima kwa kalamu ya bluu na kunisomea kama nilivyoitamka. Akaniuliza kama ni sahihi. Nikasema ni sahihi.

"Ahsante kwa kusema ukweli," alisema. Hicho ndicho anachowaambia watoto wa miaka mitano, naapa, lakini kilinigusa hivyo hivyo.

Mama Pacha aliinuka akaleta ngazi fupi ya jikoni. Aliifungua koridoni, chini ya kile kimlango cha kupandia darini. Nikapanda, magoti yakilalamika, nikakisukuma, nikamulika kwa tochi ya simu, kisha nikashuka nikampisha mwalimu apande na tochi aone mwenyewe. Aliona kenchi, zile mbao kubwa zinazobeba paa, zimepangwa kwa nafasi sawa, kila ungio lina bamba la chuma na misumari yote imekaa. Aliona doa la zamani chini ya bolti ya dishi. Kisha akaona kitu ambacho hata mimi nilikuwa sijakiona: kwenye mbao ya kwanza, kwa penseli, mkandarasi ameandika tarehe na kipimo, na chini yake, "angalia tena." Na alama ya vema.

"Nimemaliza," alisema mwalimu akishuka. "Jumatatu anaanza kwa mama."

Nilipaswa kupumua. Kazi ya yule bwana imepona, mama wa watu atapata bafu, nami nimesema. Mwalimu alivaa viatu, akaaga, akaondoka na daftari lake. Lakini Mama Pacha hakuikunja ile ngazi. Alisimama pale pale koridoni ameiegemea.

"Mwalimu atamwambia," nilisema. "Ataisoma mwenyewe kwenye daftari."

"Ataisoma kwa mwandiko wa mtu mwingine," alisema mke wangu.

Namba ya mkandarasi nilikuwa nayo. Nilikuwa nimemhifadhi kwa jina la Fundi Mvujisho, kwa kujifurahisha, na sasa jina hilo likanikodolea macho kwenye kioo cha simu. Nilibonyeza. Nilikuwa natunga maneno ya kuanzia, ya kistaarabu, yenye heshima kwangu na kwake, nikitegemea italia mara tano sita kabla hajapokea, kama atapokea.

Ililia mara moja.

"Shikamoo, mzee!" Nyuma yake nyundo zilikuwa zinagonga, kisha zikanyamaza, kama aliyewainulia watu mkono. "Limevuja tena? Niko karibu, nipe nusu saa. Kama hutaki nipande, basi nielekeze tu ukiwa chini."

Miaka mitatu, na namba yangu alikuwa nayo. Maneno yangu ya kistaarabu yakaniyeyuka yote.

"Halijavuja, mwanangu," nilisema. "Halikuwahi kuvuja kwa mkono wako. Hata siku moja. Ni mtu wa dishi alitoboa. Mimi nilijua, nikakaa kimya, nikakupaka matope mji mzima. Nisamehe."



"Halikuwa kosa langu?" aliuliza.

"Halikuwa."

"Yale maungio juu ya bafu?"

"Yako sawa. Nimetoka kuyaona sasa hivi."

Akavuta pumzi ndefu. Alipozungumza tena sauti ilikuwa mbali na simu, anamwita mtu, anamwambia acha hivyo vyombo, njoo hapa upesi. Kisha akarudi kwangu.

"Mzee, samahani. Leo niko nyumbani, natengeneza dari letu. Tafadhali usikate. Mke wangu huyu hapa. Mwambie na yeye."