Mimba Haitangazwi

Bi Mwanatumu wa Mkwiro hakuwa na ugomvi na kompyuta. Ugomvi wake ulikuwa na macho ya watu. Mimba mbili za Hafsa, mkaza mwanawe, zilikuwa zimeharibika, na yeye sababu aliijua: midomo! Hii ya tatu ilifichwa chini ya buibui, na kadi ya kliniki ikafichwa sandukuni chini ya kanga.

Basi Wayua, muuguzi wa zahanati, alipotaka kumwandika Hafsa kwenye kompyuta, Bi Mwanatumu alikuja juu.

"Mwanangu, mimba haitangazwi. Ukiiandika humo, si itaonekana mpaka Nairobi?"

"Ataiona anayemtibu tu. Lakini mama, mficha uchi hazai."

"Ala! Mtoto wa Kikamba, wanifunza methali wewe? Funga hiyo mashine."

"Haya. Basi nikupime presha."

"Mimi mzima wa afya!" Akainuka upesi, kizunguzungu kikamshika, akajishikiza ukutani kama anayetafuta kiatu.

Mashine yenyewe ilikuwa imekaa kabatini mwaka mzima ikingoja umeme, na hata sasa Wayua aliipeleka dirishani ndipo ipate mtandao. Bi Mwanatumu alikwenda zake akiicheka.

Mimba ilipofika mwezi wa nane, Hafsa alianza kutokwa na damu. Walivuka kwa boti kutoka kisiwani Mkwiro, wakapata gari, na walipofika hospitali Msambweni alikuwa hajitambui.

"Kuna dawa inayomdhuru?" daktari aliuliza.

"Ipo! Mimba ya kwanza ilipoharibika walimchoma sindano, akavimba, nusura afe."

"Sindano gani?"

"Nyeupe."

"Nyeupe ni nyingi, mama. Kadi yake iko wapi?"

Kadi ilikuwa Mkwiro, sandukuni. Aliificha Bi Mwanatumu, kwa mikono yake mwenyewe. Ya Rabi, namuua mtoto wa mwenzangu!

Daktari akauliza jina kamili na namba ya simu ya Hafsa, akabonyeza kompyuta yake. Ikakawia. Bi Mwanatumu, aliyeicheka, sasa aliiombea dua. Mara daktari akasoma jina la dawa kwa sauti, akawageukia wauguzi. "Hiyo asipewe kabisa. Mpelekeni akapasuliwe sasa hivi."

Kesho yake Hafsa alikuwa na binti kifuani.

"Nisamehe, mavyaa. Nilirudi kwa Wayua peke yangu, nikamwambia aniandike, na dawa ile pia."

"Ulinikaidi?"

"Nilikukaidi."

"Alhamdulillahi," alisema Bi Mwanatumu, akalia mbele ya wodi nzima wala asijifunike uso.

Muuguzi wa wodi alipopita na kompyuta akauliza mtoto aitwe nani.

"Jina mtalisikia siku ya saba, hilo silitoi hata mkinipiga. Kwa leo andika mtoto wa Hafsa." Kisha Bi Mwanatumu akakunja mkono wa buibui, akaunyoosha mkono wake. "Ukimaliza, nipime presha na mimi, uiandike humo humo. Nimeificha, mwanangu, mpaka nimechoka."