Beji ya Mitchell

Kikombe cha kwanza Nekoye alikionja, akakimwaga kwenye sinki. Cha pili hivyo hivyo. Alibadilisha kipimo cha kahawa, akasaga upya, lakini chumvi ilibaki pale pale nyuma ya ulimi, ikifika baada ya uchungu kupita.

"Wewe endelea kumwaga tu," Dalmas alimwambia huku akipanga keki kwenye kabati la kioo. "Utamaliza kahawa yote na kisima cha landlord bado kitakuwa na chumvi."

Maji ya mfereji yalikuwa yamekatika mtaa huo wa Ruiru tangu wiki iliyopita. Mkahawa ulikuwa unavuta maji ya kisima cha jengo, na chujio la mashine lilikuwa limechoka zamani. Nekoye alikuwa amemweleza Njau, mwenye mkahawa, zaidi ya mara moja. Njau alimjibu kwa upole kwamba wamwachie Mungu, chujio litanunuliwa mwezi ukiisha.

Njau mwenyewe hakuigusa kahawa ile. Alikuja na chai ya nyumbani kwenye thamosi, akaificha chini ya kaunta. Asubuhi hiyo, kama kila asubuhi, aliwashikanisha mikono mbele ya mashine, akaomba Bwana awalete wateja na kuwafunga midomo wenye husuda. Nekoye aliitikia amina kutoka moyoni. Muda wake wa majaribio ulikuwa unaisha jioni hiyo. Akiajiriwa, mtoto wake angetoka Bungoma kwa nyanyake aje waishi pamoja katika chumba chake cha Kiganjo, kule Thika. Asipoajiriwa, basi.

Kwenye aproni yake kulikuwa na beji iliyoandikwa Mitchell. Mitchell alikuwa amefutwa kazi kabla Nekoye hajaja, na Njau hakuona haja ya kutengeneza nyingine. "Mteja anataka tu jina la kuita," alisema.

Jua lilipopanda waliingia wanawake wawili, mama na binti yake. Mama aliitwa Ndila. Alikuwa amevaa gauni la kanisani, na vidole vyake vilijaa makovu madogo ya miiba. Alifungua mkoba, akatoa kadi ya zawadi ya mkahawa huo, iliyofungwa ndani ya karatasi ya nailoni.

"Nimestaafu kwa shamba la maua," alimwambia Nekoye. "Miaka yote nimekata roses. Wenzangu wakanichangia hii. Wamesema leo nisikunywe chai, nikunywe ile kahawa inachorwa moyo juu."

"Inaexpire leo," Rachael, binti yake, alisema. "Tungekuja kitambo, lakini huyu ameificha kama title deed."

Nekoye alitazama vile vidole. Akageuka, akaona Njau hayupo. Akainama.

"Mum, wacha nikuambie ukweli. Maji ya leo iko na chumvi. Hutausikia utamu. Ningekupea juisi, lakini hiyo kadi ni ya kahawa tu."

"Itakuwa sawa saa ngapi?"

"Mfereji ukirudi. Tuombe tu."

"Si tuko hapa town mpaka jioni," Rachael alisema. Akaisoma beji. "Asante sana, Mitchell. Wengine wangenyamaza."

Kabla ya chakula cha mchana Njau alitoka ofisini na simu mkononi. Aliwaita Nekoye na Dalmas kando, akasoma maoni ya mteja mtandaoni polepole, kama mtu anayesoma somo la Jumapili: "Mhudumu anayeitwa Mitchell alituambia wazi kwamba maji yao yana chumvi, akakataa kumuuzia mamangu kahawa mbaya. Mungu ambariki."

"Ametupea nyota tano," Nekoye alisema kwa sauti ya chini.

"Tano zako. Zangu ziko wapi?" Njau aliweka simu kwenye kaunta. "Watu wamekunywa hii kahawa wiki nzima. Ni nani amelalamika? Vikombe vinarudi vitupu."

Ilikuwa kweli. Wateja walikuwa wamelipia, kwa hiyo walikunywa. Wakiulizwa kama iko sawa, walisema iko sawa. Walisema asante, wakamtakia Nekoye siku njema, na hawakuonekana tena.

"Sikufuti," Njau aliendelea. "Mimi ni mtu wa kanisa. Wewe jibu tu hapo. Andika: Ni Mitchell, nilikosea, ni mashine ilisumbua kidogo na imetengenezwa, karibuni tena."

"Lakini haijatengenezwa."

"Na wewe si Mitchell. Sasa huo uongo ni wa nani?" Akatabasamu. "Jioni tuongee mambo ya kazi yako."

Dalmas alijifanya anafuta kioo.

Nekoye aliingia stoo, akasimama katikati ya magunia ya kahawa, akafumba macho. Hakuomba kitu kikubwa. Aliomba maji ya mfereji yarudi kabla ya jioni, ili maneno atakayoandika yawe ya kweli. Kisha akafungua bomba la mfereji lililokuwa pale ukutani. Lilikohoa hewa, likanyamaza.

Akaandika.

Ndila alirudi jioni peke yake. Rachael alikuwa bado saluni.

"Amenisomea kwa simu vile umesema," alimwambia Nekoye, akivuta kiti. "Nikamwambia, huyo msichana akisema imekuwa sawa, mimi nakunywa. Hata nimekuombea."

Njau alikuwa amesimama kwenye kaunta. Nekoye alitengeneza kahawa. Aliuchora moyo vizuri kuliko siku zote, akaipeleka mezani kwa mikono miwili.

Ndila alifumba macho, akakiombea kikombe. Akanywa. Akakaa kidogo bila kumeza. Macho yake yalimtafuta Nekoye, na Nekoye akatazama meza.

"Iko sawa, mum?"

Ndila akameza. "Iko sawa, msichana wangu."

Alikunywa yote, taratibu, na ule moyo ukavutika upande mmoja mpaka ukaisha. Akapangusa mdomo kwa kitambaa. "Wenzangu wataniuliza," alisema akiinuka. "Nitawaambia ilikuwa tamu." Aliiacha kadi chini ya sahani, pamoja na ile karatasi yake ya nailoni.

Njau alikichukua kikombe mezani, akakiinamisha kuelekea kwenye taa.

"Umeona?" alisema. "Kitupu." Akafungua thamosi, akajimiminia chai. "Sasa umeanza kuelewa kazi. Kesho kuja na kitambulisho, uko ndani. Na tutakutengenezea beji yako, ya jina lako."

Nekoye alikichukua kile kikombe kutoka mkononi mwake.

"Hapana, boss," alisema, akiigusa beji ya Mitchell kifuani. "Wacha nibaki na hii."

Akaenda kwenye sinki, akafungua maji.