Mkono wa Abu Ramzi

Asubuhi Um Ramzi alianika taulo mbili kwenye mkono wa kulia wa mumewe, akaongeza na soksi, kisha akamletea kahawa aishike kwa kushoto. Abu Ramzi alikaa barazani mkono juu, kama alivyokaa tangu bunge lilipopitisha sheria ya kuuza ufuo. Siku ile yeye, akiwa mbunge, alikataa, mikono yote miwili mapajani. Lakini spika, kama kawaida yake, aligonga meza kabla hajahesabu mtu: "Imepita kwa kauli moja." Taarifa rasmi ikaandika hivyo hivyo, na jioni mkono ukapanda wenyewe. Madaktari walisema hauna ugonjwa.

Lamis, mpangaji wao wa chumba cha juu, alikuwa akitafiti kura za wabunge kwa ajili ya shahada yake ya uzamivu.

"Binti yangu," mzee alimwambia, "hesabu zako zikiniweka kwa waliokataa, huu utashuka. Nimechoka kuwa kamba ya nguo."

"Nakuamini, ami. Ila nahitaji chanzo."

"Chanzo si mimi hapa?"

Um Ramzi akacheka. "Wewe na huo mkono! Nani atauamini ushahidi wako?"

Lamis alitafuta. Kamera ya bunge ilimwelekea spika tu. Magazeti yalikuwa yamenakili taarifa rasmi. Wabunge wengine waliokataa nao walikuwa mikono juu, na hawakutaka maneno.

Msimamizi wake chuoni, Daktari Nimr, alimsikiliza huku akimenya chungwa.

"Mzee ni mtu mmoja, tena ana lake jambo. Taarifa rasmi haina pengo hata la kikao kimoja. Usipoitumia, sisaini."

"Lakini mkono wake nimeuona, daktari."

"Uko juu au chini?"

"Juu."

"Basi vyanzo vinakubaliana."

Bila sahihi hiyo shahada isingepatikana. Jenereta ya mtaa ilipowaka, Lamis alifungua kompyuta, akafika kwenye jina la mzee, Wajdi Sahyun. Akaandika: ndiyo.

Chini barazani kikombe kilivunjika. Mkono wa kushoto ulikuwa umepanda.

Um Ramzi alifagia vigae. "Kahawa nitakunywesha mimi," alisema.

Asubuhi alifunga kamba kutoka mkono mmoja hadi mwingine, na sasa palienea hata shuka. Lilikauka polepole, kwa sababu upepo wa bahari ulikuwa umeshazibwa na ukuta wa walionunua ufuo.