Nundu ya Kaka Yunusu

Mimi ni mchinjaji hapa Mbeya. Tangu baba afe, kila ng'ombe ninayemchinja, nundu yake ni ya kaka Yunusu, anayekaa Iringa. Ndivyo ulivyo ukoo wetu: nundu ni ya mkubwa. Naiyeyusha, najaza mafuta yake kwenye kopo, namkabidhi dereva wa basi. Miaka kumi na moja sasa.

Mwezi wa Rajabu nikaletewa habari kwamba kaka kabanwa na kifua, amelazwa. Nikakaa kwenye basi siku nzima, vumbi mpaka kwenye meno. Nilimkuta ameketi kitandani, midomo ya kijivu, anamtania mgonjwa wa kitanda cha pili.

Mganga msaidizi, Eliezeri, alinivuta kando. "Anakula nini huyu?"

Nikamwambia. Hata kifua kilipoanza kumbana alidhani ni kiungulia, akawa anakunywa mafuta yale yakiwa ya moto, kikombe kizima, ati yalainishe.

Eliezeri alijishika kichwa. "Bwana Mrisho, mafuta yanatembea kwenye damu kama punje, ndogo mno. Zikizidi, nyingine hupenya kwenye ukuta wa mshipa, zikashikana, zikawa donge. Njia ya damu inazidi kuwa nyembamba. Mshipa wa moyo ukiziba, basi."

"Damu ni ya moto. Mafuta yatagandaje?"

"Si baridi inayoyagandisha. Yanashikanaje hasa, wenye elimu kunizidi bado wanabishana. Ila nundu aache."

Nilimwambia kaka mwenyewe, sikumtuma mtu.

"Na nundu utampa nani?"

"Nitaiuza."

"Umeota ndevu, Mrisho."

"Utakufa, kaka."

"Nife nikiwa mkubwa. Wewe unataka niishi nikiwa mdogo wako."

Nilikuwa nimechoka. Nikarudi Mbeya.

Alitoka hospitali. Nimemwandikia barua tatu, hakujibu hata moja. Wiki iliyopita nikamtumia nyama ya paja niliyoikausha kwa moshi, haina mafuta hata kidogo. Imerudi na basi lile lile.

"Alikuja mwenyewe stendi ya Iringa kuikataa," dereva akaniambia.

"Kwa miguu?"

"Kwa miguu."

"Alikuwa anahema?"

Dereva alikuwa anafungua kamba za mizigo juu ya basi. Akasema hakuangalia.