Tulivyomfundisha Mara Mbili Kuruka

Mdogo wangu mtaa mzima unamwita Mara Mbili, na jina hilo alilipata kazini. Anatoa dawa kwenye duka la dawa hapo kona. Ukimpelekea karatasi ya daktari, anaisoma, anashusha kopo, analisoma kopo, anamwaga vidonge kwenye sinia na kuvisukuma kwa kisu cha plastiki, tano tano, mpaka vitimie. Ukidhani amemaliza, anavirudisha vyote katikati ya sinia na kuanza upya. Foleni nyuma inahema. "Jamani, hivyo ni vidonge au lulu?" Yeye anamaliza kuhesabu. Halafu anasoma kopo tena. Miaka tisa, hajawahi kukosea hata kidonge kimoja.

Tabia hiyohiyo ndiyo iliyomwangusha kwenye mtihani wa kuingia chuo cha biashara. Maswali sitini, kwenye kompyuta, na juu kwenye kona kuna saa inayohesabu kurudi nyuma kama mtu anayekusubiri ushindwe. Kila swali alilijibu, akarudia, akahakikisha. Muda ulipokwisha alikuwa amejibu arobaini na moja, yote sahihi, hata moja halikuharibika. Wanaoingia chuoni ni wa arobaini na nane kwenda juu.

Mimi, mdomo wangu usio na kufuli, nilikuwa nimeshautangazia mtaa kwamba amefaulu, matokeo hata hayajatoka. Nina saluni kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu. Habari ikiingia pale haihitaji redio. Ilibidi nimeze maneno yangu mbele ya vichwa vinne vyenye povu.

Kurudia kunaruhusiwa mara moja tu, baada ya miezi miwili. Mfamasia mwenye duka anafungua duka la pili na anataka meneja mwenye cheti cha biashara. "Mwaka huu nakungoja wewe," alimwambia. "Mwakani namtafuta mwingine." Kwa hiyo ilikuwa sasa au basi.

Basi nikaiita saluni yote iwe darasa. Sijasoma sana mimi, lakini watu ninao. Mteja wangu mmoja ni mwalimu wa hesabu, na yeye ndiye aliyetoa dawa, akiwa na roli za nywele kichwani.

"Shida yako unaogopa kukosea," alimwambia. "Mtihani ule haumtaki mwaminifu, unamtaka mwepesi. Swali likikukazia macho, ruka. Bahatisha, songa."

"Na kama nimebahatisha vibaya?"

"Umebahatisha vibaya, basi! Kuna aliyekufa?"

Tukacheka wote. Tangu siku hiyo kila alasiri Mara Mbili akitoka zamu ya asubuhi anakaa kwenye kiti cha kuoshea nywele, kitabu mapajani, mimi na simu mkononi napima muda. Dakika moja na nusu ikifika, saluni nzima: "Ruka!" Aliyepiga kelele kuliko wote ni Mama Pindo, fundi cherehani wa nyumba ya tatu, mama wa watu, ambaye tangu tumjue nguo yako ataileta pindo halijakunjwa na kukuapia atalikunja kesho. Pini mdomoni, mkono juu: "Ruka, mwanangu! Mimi nimeruka mapindo ya mtaa huu miaka ishirini, nimenyongwa?"

Wiki ya kwanza Mara Mbili alikuwa anashtuka kama amepigwa kibao. Ya tatu akaanza kuzoea. Ya sita alikuwa anajibu hamsini na mbili sahihi, na dakika nne za ziada. Hata foleni ya duka la dawa ikawa inatembea. Watu wakaanza kunipa hongera mimi. "Dada, mdogo wako umemtengeneza! Siku hizi unaingia, unatoka." Nikazipokea hongera zote, sikurudisha hata moja.

Alasiri moja alikuja akasimama mlangoni na koti lake jeupe la kazini, hajalivua.

"Dada, leo kuna mtu nimemhesabia mara moja."

"Vilikuwa sawa?"

"Sijui. Ndiyo maana yake mara moja."

"Kama havikuwa sawa angerudi. Hebu shika kitabu."

Jumamosi ya mtihani tukatoka mapema, tumependeza, mimi nimembebea maji na kalamu asizozihitaji. Geti la kituo cha mtihani linafungwa saa tatu kamili. Tulipofika ilikuwa bado dakika kumi. Hapo getini akasimama, macho yake yakaenda mbali.

"Mama Pindo," alisema.

"Kafanyaje?"

"Jana mchana alikuja kuchukua dawa yake ya presha. Kopo la presha na la sukari yanakaa jirani, vidonge vyote vyeupe, vyote vidogo. Karatasi niliisoma. Kopo..." Akafumba macho. "Dada, sikumbuki kulisoma kopo. Foleni ilikuwa ndefu. Nilikuwa na lile swali la kitabuni la ndoo na bomba kichwani."

"Utamwangalia ukirudi."

"Kama ni ya sukari na yeye hana sukari, ataishiwa nguvu. Anaweza kuzimia. Mpigie."

Nikapiga. Ikaita. Ikaita. Mdogo wangu ananitazama mdomoni kama kipofu aliyepewa macho leo. Mlinzi akaanza kuvuta geti. Simu ikakatika yenyewe, bado nimeishikilia sikioni.

Sasa nisikilizeni nilichofanya, maana sijakisimulia popote. Nilisema, kwa simu isiyo na mtu: "Eeh, Mama Pindo! Umeamkaje? Uko kwenye cherehani saa hizi? Ha ha! Haya, nitamwambia." Nikashusha simu. "Mzima kama chuma. Anashona. Anasema ruka, mwanangu."

Mara Mbili akapumua mpaka mabega yakashuka. Akaingia. Geti likafungwa.

Nilijiambia nimemsaidia, ninakwenda kumwona Mama Pindo mwenyewe, nitamkuta anagombana na zipu, nitarudi kabla mtihani haujaisha. Nilitembea. Halafu nikaona nakimbia.

Mlango wake ulikuwa wazi. Kitambaa kimebaki chini ya sindano, taa ya cherehani inawaka. Yeye yuko sakafuni, ameegemea mguu wa meza, nguo zimelowa jasho kama aliyenyeshewa. Akanitazama hanijui. "Pindo lako," alisema kwa ulimi mzito, "kesho." Kwenye meza kulikuwa na bahasha ndogo ya dawa, ina mwandiko wa mdogo wangu.

Hospitali wakampima. Sukari ilikuwa imeshuka vibaya. Wakamtundikia dripu. Muuguzi akaishika ile bahasha, akakitazama kidonge kimoja pande zote mbili, akaniuliza, "Amemeza vingapi?" Mimi ninayejua nani ameachana na nani mpaka mtaa wa nne, sikujua. "Aliyetoa dawa yuko wapi?" Nikamwambia ninakwenda kumleta.

Alitoka getini anakimbia. Mara Mbili, anakimbia! Karatasi ya matokeo juu hewani, kompyuta imeitoa hapohapo. "Hamsini na nne! Dada, hamsini na nne! Nimeruka sita, ningejua ningezaliwa naruka!" Akanikumbatia. Nikasimama kama nguzo.

Akarudi nyuma hatua moja. Aliusoma uso wangu kama anavyosoma kopo.

"Alipokea simu?"

"Hakupokea."

"Ulikuwa unaongea na nani?"

Nikaitia simu mfukoni. Hakunipigia kelele, na afadhali angepiga. Aliikunja ile karatasi mara nne, akaniwekea kiganjani kama mtu anayemrudishia mwenzie kitu chake. "Twende."

Wodini aliomba sinia. Akamimina vidonge, akatoa kadi yake ya mtihani, akaanza kuvisukuma kwa ukingo wa kadi. Tano. Tano. Tano. Alipomaliza akavirudisha katikati, akaanza upya. Hakuna aliyehema.

"Vimebaki ishirini na saba," alimwambia muuguzi.

"Ulimpa vingapi?"

"Karatasi inasema thelathini." Akavitazama vidonge. "Nilihesabu mara moja."

Muuguzi akaandika tatu, akaweka na alama ya kuuliza mbele yake.

Adhuhuri Mama Pindo akafungua macho, sasa anatujua. Kitu cha kwanza: "Mtoto amefaulu?"

"Nilikupa dawa siyo yako, Mama," alisema Mara Mbili. "Sikusoma kopo. Nilikuwa na haraka."

Mama Pindo alivuta shuka mpaka kifuani. "Nilikuona hukurudia kuhesabu," alisema. "Nikasema moyoni, leo tumemchangamsha huyu." Akageukia ukutani.

Kule nje, kwenye benchi, Mara Mbili akaniambia kwamba chuo kinataka barua ya mwajiri, ya kuthibitisha kwamba mwombaji ni mtu makini kazini. Mfamasia ndiye wa kuiandika. "Jumatatu nitamweleza haya kwanza. Halafu ndipo nimwombe barua."

"Umechanganyikiwa? Atakufukuza! Mama Pindo ni wetu, hatasema. Muuguzi hamjui bosi wako. Hamsini na nne, mdogo wangu! Si lazima ajue kila kitu."

"Na hili pia niruke?"

Akarudi ndani kukaa na mgonjwa. Mimi nikarudi nyumbani peke yangu.

Saluni ilikuwa imejaa, Jumamosi hiyo, watu wamekuja hata wasio na nywele za kusuka. Mwalimu akainuka na taulo shingoni. "Toboa, Dada! Kapata ngapi?" Karatasi ilikuwa kwenye kiganja changu, imelowa jasho, mikunjo yake minne.

"Ngojeni aje mwenyewe," nilisema, nikachukua kitana.

Wakatazamana. Nadhani hapo ndipo walipojua kuna jambo limeharibika.