Bodi ya Mtu Mmoja

Habari kwamba uchumba wake umevunjika ilimfikia kijana kwa simu akiwa kazini, juu ya ngazi, ameshika ncha moja ya bodi ya jipsamu. Ncha ya pili ilikuwa mikononi mwa dada yake mkubwa. Siku chache nyuma mama wa mchumba alikuwa amemwuliza dada huyo, uso kwa uso, kama kijana anakunywa, naye akajibu kwamba anakunywa, tena kazini. Hakupamba wala hakupunguza.

Kijana alirudisha simu mfukoni, akaachia ncha yake. Bodi ikainama, ikapasuka katikati, vumbi jeupe likawajaa wote wawili usoni.

"Kuanzia leo bodi zako ubebe mwenyewe," alisema, akashuka.

Kwa miaka walikuwa wakifunga dari pamoja, na kwenye majengo waliitwa Ncha Mbili, maana ukimwona mmoja, wa pili hayuko mbali. Kazi yenyewe ndiyo iliyowataka hivyo. Bodi ya dari ni pana kuliko mikono ya mtu iliyotanuka, ni nzito, na kona zake huvunjika kama biskuti. Inataka mtu huku na mtu kule. Kijana alilijua hilo, na adhabu yake aliichagua kwa kulijua. Alimwomba msimamizi wa jengo awatenganishe: yeye na mwenzake mpya wachukue ghorofa ya juu, dada abaki ya chini. Kisha akawapitia vibarua mmoja mmoja, akawaambia kwamba atakayemshikia dada yake bodi asije kwake kutafuta kazi tena.

Mwanzoni dada alijaribu kwa kichwa. Alijitwisha bodi, akapanda ngazi akiyumba, akaisukuma darini kwa utosi huku mkono ukipapasa drili. Alivunja kona, akavunja nyingine, na shingo ikakakamaa hata akawa anageuka mwili mzima anapoitwa. Msimamizi alimwambia atafute msaidizi au afungashe. Msaidizi hakupatikana. Kila aliyemwomba alikumbuka ghafla kwamba ana shughuli.

Alikwenda kwa fundi wa kuchomelea aliyekuwa na kibanda nyuma ya jengo, akamchorea kwa kidole mavumbini kitu anachokitaka. Fundi alikunja nondo, chini akaweka ulimi bapa wa kupokea ukingo wa bodi, juu mshiko. Dada alipobebea nondo hiyo, bodi ilisimama ubavuni mwake, mkono ukaning'inia umenyooka, na uzito ukamwendea begani badala ya kumkata vidole. Mhimili wa kuishikilia bodi juu aliutengeneza mwenyewe kwa mbao, wenye umbo la T, mrefu kuliko kimo cha dari kwa upana wa kidole. Ukutani, chini kidogo ya dari, alipigilia vibao viwili. Aliingiza ukingo mmoja wa bodi juu ya vibao, akainua ukingo wa pili, akausimamisha mhimili chini yake na kuusukuma kwa mguu hadi ukakaza. Kisha akapanda kufunga skrubu, mikono yote miwili mitupu. Bodi ya kwanza ilipokaa alishuka, akaiangalia kutoka chini, akatema vumbi, akaenda kuleta ya pili.

Mdogo wake alipouona mhimili aliuita shemeji. Neno likashika. Asubuhi vibarua walimwuliza dada kama shemeji ameamka salama, na kama leo hajamtesa. Lakini bodi zilikuwa zinapanda, na msimamizi aliacha kuzungumzia kufungasha. Juu kijana alikuwa amebadilisha mwenzake mara mbili, na kazi yake ilikuwa imesimama karibu na ilipoanzia.

Siku moja dada aliinua bodi kama kawaida, akausukuma mhimili kwa mguu, nao ukakatika. Bodi ilimshukia begani ikamkalisha chini. Alipoweza kupumua aliokota vipande vya mbao. Nusu ya ufa ilikuwa imechanika ovyo; nusu ya pili ilikuwa imenyooka, alama ya msumeno, na ndani yake kulikuwa na unga mweupe wa kuzibia viungo vya bodi uliopakwa ili pasionekane. Vibarua waliokuwa karibu waliangalia pembeni. Hakumwuliza yeyote. Alikwenda kibandani na mkono umemlegea, akaagiza mhimili wa chuma: mabomba mawili, moja ndani ya jingine, na skrubu nene ya kuzungusha ili kukaza.

Aliutumia siku kadhaa kabla hajasikia sauti ya mdogo wake kutoka juu ikimwita mwenzake, tena na tena, kila mara ikiwa nyembamba zaidi. Dada alipanda na mhimili wake kwenye bega lile lisilouma.

Alimkuta juu ya jukwaa la mbao, bodi iko kichwani, mikono imetanuka. Mwenzake alikuwa ameshuka kununua sigara. Kijana hakuwa na namna: akiachia, bodi ingempiga shingoni na kumtupa chini. Alimwona dada yake mlangoni, akaacha kuita.

"Nani alikata?" dada aliuliza.

"Lete hicho chuma."

"Nimekuuliza."

Jasho lilimwingia machoni na hakuwa na mkono wa kulifuta. Dada alisimama palepale, mhimili bado begani.

"Mimi," kijana alisema mwishowe. "Umenivunjia nyumba kabla sijaijenga. Na ningekata tena."

Dada aliusimamisha mhimili chini ya bodi, akazungusha skrubu mpaka ikauma. Kijana alijitoa, akakaa kwenye jukwaa akikanda mikono. Hakushukuru, na dada hakungoja. Alimwendea msimamizi, akarudia maneno yale kama yalivyosemwa. Kijana alipoitwa hakukanusha. Alikusanya vifaa vyake akaondoka kabla ya chakula cha mchana, na ghorofa ya juu akapewa dada.

Jumapili mama yao alimwita dada. Alimweleza kwa kirefu jinsi mdogo wake asivyokula, asivyolala, na jinsi dada mwenye huruma angekwenda kumwombea kazi irudi. Dada alisema hataenda. Alifungua kifungo cha juu, akamwonyesha bega lililovimba, jeusi kama bilinganya, akamwambia kwamba mtoto wake alitaka dari imwangukie.

Mama aliliangalia.

"Linauma?"

"Nikinyanyua."

"Basi usinyanyue," mama alisema, akarudi kuzungumzia habari za kijana.

Dada alifunga kifungo, akavaa viatu, akaondoka mama akiwa bado anasema.