Aliyepanda Jukwaani Badala Yangu

"Bibi, hili swali halina kichwa wala miguu," mjukuu wangu aliniambia, akabwaga kitabu chake juu ya cherehani yangu. Alikuwa anajiandaa kwa mashindano ya Kiingereza ya shule zote. "Wanasema 'drizzle' ni kwa 'downpour' kama 'breeze' ni kwa nini?"

Mimi niliishia darasa la sita. Kiingereza changu kinatosha kusoma futi kamba ya kupimia nguo, basi.

"Nigeuzie kwa Kiswahili," nikamwambia. "Hicho naona ni kitendawili tu, wamekivisha suti."

Akafungua kamusi. Manyunyu kwa mvua ya kumwagika, kama upepo mwanana kwa kitu gani? Majibu yalikuwa manne: wingu, upepo, tufani, feni. Yeye alitaka upepo.

"Upepo gani?"

"Upepo tu, Bibi."

"Mbona mvua hawakusema mvua tu? Wametaja ile inayomwagika. Basi na wewe tafuta upepo unaong'oa mabati."

Akacheka, akaandika tufani.

Nikamtolea kopo langu la nyuzi. Mteja akileta kitambaa cha bluu, siokoti uzi wowote wa bluu. Naulaza juu ya kitambaa, napeleka mlangoni penye mwanga, natazama umepauka au umekolea. Tukawa tunayapanga maneno hivyo hivyo kila alipotoka shule. Kuudhika, uzi wa waridi. Kukasirika, mwekundu. Kughadhibika, ule wa damu ya mzee. Siku moja wakauliza: kuudhika kwa kughadhibika, kama kuchoka kwa nini? Yeye akachagua kulala.

"Mke mwenzangu, kulala ni kazi nyingine," nikamwambia, kwa utani wetu wa bibi na mjukuu. "Hapa uchovu wenyewe ndio ukolezwe."

"Kuwa hoi?"

"Umeniacha mbali sasa."

Tulikwenda hivyo miezi minne. Wiki mbili za mwisho mama yake alimpeleka kwa mwalimu wa tuisheni, kijana wa tai ambaye mtaa mzima unamwita Profesa. Nikamuuliza anafundishwa nini huko. "Anatupa majibu tukariri," akasema.

Duru ya kwanza akashika namba moja. Barua ya shule ilisema mshindi atapanda jukwaani pamoja na mtu aliyemfundisha, na jina la mtu huyo litasomwa. Niliirudia mara tatu. Jina langu halijawahi kusomwa mbele ya watu tangu siku ya kuandikishwa darasa la kwanza. Nikakata kitambaa cha samawati, nikashona magauni mawili kutoka jora moja, langu na lake. Nilimpima mabega, nikampima kiuno. Alinyoosha mikono, akageuka kila nilipomwambia geuka.

Siku yenyewe nilikaa mwisho wa safu, nisije kuwakanyaga watu nikiitwa. Yeye akatokea na sare ya shule. Nikadhani nguo za nyumbani zimekatazwa, lakini mshindi wa pili alikuwa na gauni la maua.

"Na aliyemfundisha," akasema mshereheshaji, nami nikashika mkoba, nikaanza kuinuka.

Likasomwa jina la Profesa.

Alipanda na tai yake, akamwekea mjukuu wangu mkono begani. Mshereheshaji akamuuliza mtoto, mwalimu alitumia njia gani. Akaisogelea maikrofoni.

"Alinifundisha kupanga maneno kama nyuzi, kutoka lililopauka mpaka lililokolea."

Watu wakapiga makofi. "Mwalimu hodari huyo," akasema mama aliyekaa jirani yangu. Aliponiona nimeinuka nusu, akaniuliza, "Unatoka?" Basi nikatoka nje.

Jioni alinikuta nashona.

"Bibi, wangeniuliza umesoma wapi. Wangecheka."

"Akina nani?"

"Watu."

"Na wewe ungecheka nao?"

Akatazama sakafu. "Sikusema kwamba hukunifundisha. Shuleni walipotaka jina, sikukutaja tu."

"Kutotaja na kukana," nikasema. "Lipi limekolea?"

"Kukana."

"Na kumvika mtu mwingine kazi yangu, nikiwa nimekaa pale pale?"

Jibu alilijua, maana nilimfundisha mwenyewe. "Hilo limezidi yote, Bibi."

Nilitaka kumkumbatia. Mkono haukuinuka.

Akapangusa macho. "Mwezi ujao kuna duru ya pili. Kesho tutaendelea?"

"Njoo ule, njoo ulale, hapa ni kwenu," nikamwambia. "Maneno kasome kwa aliyepanda jukwaani."

"Yeye hajui, Bibi."

"Najua kwamba hajui."

Akachukua kitabu chake, akaenda akasimama mlangoni, ananipa mgongo, akingoja nimwite mke mwenzangu, arudi tucheke yaishe. Tulizoea hivyo kila tulipogombana. Nilikanyaga cherehani, nikamaliza upindo wote, na nilipoinua kichwa alikuwa ameshaondoka.